Gari la kwanza: nunua dogo, lipia taslimu, halafu lifaidi

Nilipotea kidogo, mnajua tena mambo ya UE. Mitihani imeisha, kudisko tumwachie Mungu, sasa tuongee mambo mengine.

Hapa Mlimani ukikaa na watu wa mwaka wa mwisho, mazungumzo ni matatu tu: ajira zitatoka lini, mpira, na gari. Ajira hazina wa kutupa jibu. Mpira kila mtu na timu yake. Kwenye gari ndipo penye fujo, maana hata asiye na elfu kumi mfukoni ana msimamo mkali kuhusu gari atakalonunua akipata mshahara wa kwanza. Mmoja anataka Subaru inayonguruma. Mwingine anataka IST kwa sababu "haikutupi". Wa tatu anasema yeye bila Crown hapandi, bora atembee kwa miguu. Na ukithubutu kutaja Vitz wanakucheka wote kwa pamoja: hilo si gari la akina dada?

Mimi msimamo wangu ni huu, na nitautetea mpaka mwisho wa ukurasa. Gari la kwanza la mtu aliyetoka chuo juzi liwe dogo, injini yake isizidi cc 1300 (cc 1500 ukizidiwa sana na tamaa), lilipiwe taslimu bila mkopo, na liwe linafurahisha kuliendesha. Hilo la mwisho wengi wanalisahau, au wanadhani linapingana na la kwanza. Halipingani hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza hesabu. Najua wengi wenu mlikimbilia HGL mkidhani mmeziacha hesabu huko nyuma, lakini hizi ni za kujumlisha na kutoa tu.

Chukulia umepata kazi na mshahara wako ni 900,000 kabla ya makato. Kwa kijana aliyetoka chuo hiyo si mbaya, wapo wengi wanaanza chini ya hapo. Mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10, unaondoka na 90,000. Inabaki 810,000, nayo inakatwa kodi ya mapato kama 80,500. Halafu wanakuja Bodi ya Mikopo. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 makato yalipanda kutoka asilimia 8 mpaka 15 ya mshahara wa msingi. Kwa hiyo 135,000 nyingine hiyo, kwaheri. Kinachoingia benki ni 594,500. Hapo hujalipa chumba, hujala, na nyumbani hawajapiga simu kusema mdogo wako amerudishwa shule.

Sasa weka gari. Sema unakaa Kimara au Tegeta na ofisi iko mjini. Kwenda na kurudi kama kilometa 40. Siku 24 za kazi ni kilometa 960, ongeza mizunguko ya wikiendi unafika 1,200 kwa mwezi. Bei ya mafuta EWURA hutangaza kila mwezi na hupanda na kushuka, kwa hiyo tutumie 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Gari la cc 2000 linalovuta magurudumu yote manne, kwenye foleni zetu hizi, likikupa kilometa 8 kwa lita ushukuru. Hiyo ni lita 150, yaani 450,000 kwa mwezi. Robo tatu ya mshahara wako unaichoma ukiwa umekaa Ubungo unatazama mataa. Gari dogo kwenye foleni hiyohiyo likupe kilometa 12 kwa lita: lita 100, yaani 300,000. Tofauti ni 150,000 kwa mwezi, milioni 1.8 kwa mwaka. Ukikaa nalo miaka mitatu tofauti hiyo peke yake ni milioni 5.4. Hiyo ni pesa ya gari jingine, jamani.

Lakini msikimbilie kunipigia makofi, maana hata 300,000 ni nusu ya mshahara. Ndiyo maana nasema gari la kwanza liwe gari linalokubali kulala. Mwendokasi ipo tangu 2016. Ina matatizo yake na kila mtu anayajua, lakini kama inapita karibu na kwako, panda siku za kazi na gari liache nyumbani. Lifanye kazi Jumamosi, Jumapili, usiku wa dharura, siku ya msiba, siku ya kumpeleka mama hospitali. Kwa matumizi hayo utatembea labda kilometa 500 kwa mwezi, nje ya foleni, na gari dogo litakupa kilometa 15 kwa lita. Ni lita 33, laki moja tu. Kwenye 594,500 laki moja inavumilika. Na gari la bei nafuu likilala haliumizi roho. Gari la mkopo ndilo linalouma likilala, kwa sababu unalilipia likiwa limelala.

Tuingie basi kwenye mkopo, maana hapa ndipo vijana wengi wanapoumia. Siku hizi ukipata barua ya ajira tu, benki na wakopeshaji wanakupigia simu kabla hata shangazi hajakupongeza. Chukulia wamekupa milioni 8 kwa miaka mitatu, riba asilimia 17 kwa mwaka kwa salio linalopungua. Marejesho yatakuwa kama 285,000 kila mwezi, na mpaka unamaliza utakuwa umelipa milioni 10 na laki mbili na ushee. Toa 285,000 kwenye 594,500, unabaki na 309,000 na kitu. Sasa toa mafuta ya gari dogo linalokwenda kazini kila siku, 300,000. Unabaki na elfu tisa na mia kadhaa. Elfu tisa! Kwa mwezi mzima, na kodi ya nyumba humo humo. Na hapo ni gari dogo. Mwenye Subaru ya mkopo ameshaingia hasi kabla ya kununua hata dawa ya mswaki.

Hii si nadharia. Kuna kaka mmoja aliyetutangulia miaka michache hapa hapa chuoni, ukikutana naye anakuja na daladala, funguo za gari zinaning'inia kiunoni. Gari liko nyumbani limefunikwa turubai. Kila mwezi mkopo unakatwa, wese hana. Hatumcheki, tunajifunza. Alinunua gari la kuonekana nalo kabla hajanunua uwezo wa kulitembeza.

Haya, tuseme umenielewa: dogo na taslimu. Raha iko wapi?

Watu wengi wanachanganya nguvu na raha. Wanadhani gari la kufurahisha ni lile lenye farasi wengi. Lakini kumbukeni fizikia ya sekondari: kani ni sawa na tungamo mara mchapuko. Ukiwa na kitu chepesi, injini ndogo inatosha kukiondoa. Starlet za miaka ya 90 zina uzito wa kilo kama 800 tu. IST inakaribia tani moja au kuipita kidogo. Ndiyo maana Starlet yenye injini ya 1.3, ya 4E, ikiwa nzima, inaruka kutoka kwenye mataa mpaka mwenye gari kubwa anashangaa kimepita nini. Na wepesi hausaidii kuondoka tu. Unasaidia kukata kona, unasaidia kusimama, unapunguza uchakavu wa tairi na breki, na unapunguza mafuta. Yaani kitu kilekile kinachookoa pesa ndicho kinacholeta raha. Ndiyo maana nilisema havipingani.

Halafu angalia barabara zetu. Wapi utaendesha 160? Kutoka Dar mpaka Morogoro kila kijiji kina kibao cha 50 na nyuma ya mwembe kuna askari na tochi. Ukipigwa tochi ni elfu thelathini. Gari la nguvu nyingi Bongo ni kama kumfunga mbwa mkubwa kwa kamba fupi, anakula sana na hakimbii popote. Gari dogo linakupa raha ukiwa kwenye 60: unaingia mzunguko wa barabara, unabadili gia kutoka ya tatu kwenda ya pili, injini inaimba, na hujavunja sheria yoyote.

Nimetaja gia, na hapa najua nitakosana na wengi. Kama utapata la gia za mkono, chukua la gia za mkono. Wengi wetu shule za udereva tumejifunzia hizo hizo gia, tukapata leseni, halafu tunakimbilia otomatiki na kusahau kila kitu. Gia za mkono zina faida nne. Moja, ukizitumia vizuri unaokoa mafuta, hasa kwenye magari ya zamani ambayo otomatiki yake ina gia nne tu. Mbili, klachi ikiisha ni kazi ya kawaida kwa fundi, lakini gia boksi ya otomatiki ikifa unaweza kulia. Tatu, betri ikigoma asubuhi, vijana watatu wanasukuma, unatia gia ya pili, unaachia klachi, safari inaendelea. Nne, unaendesha gari, gari halikuendeshi wewe. Kwenye foleni mguu wa kushoto utachoka, nakubali. Lakini tulishakubaliana kwamba siku za kazi gari linalala.

Sasa nitaje majina, maana bila majina makala ya gari ni hotuba ya mgeni rasmi.

Toyota Starlet. Uzalishaji uliisha 1999, kwa hiyo iliyo changa kabisa ni mzee. Hata hivyo mafundi wanaijua wakiwa wamefumba macho, spea Ilala na Gerezani zipo, na bei yake mkononi ni ya chini kuliko nyingine zote nitakazotaja. Angalizo: injini hizi zinatumia mkanda wa taimingi wa mpira, unaobadilishwa kila baada ya kilometa kama laki moja. Muuzaji akisema "sijui ulibadilishwa lini", chukulia haujabadilishwa, na uweke gharama hiyo kwenye bei. Angalia kutu chini, na angalia kama limeshagongwa, maana magari haya yamepita mikono mingi.

Toyota Vitz ya kwanza, iliyotoka 1999 kuchukua nafasi ya Starlet. Hili ndilo gari mnalolicheka. Basi mjue kwamba Ulaya, ambako liliitwa Yaris, lilichaguliwa Gari la Mwaka 2000, na huko kwao Japan nako lilipata tuzo kama hiyo. Umbo lake lilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos. Ile ya cc 1000 ndiyo inayokunywa kidogo, lakini ukipakia watu wanne na mizigo halafu ukapanda Kitonga utaomba dua. Ya 1300 ndiyo ya wastani na ndiyo ninayoipendekeza. Injini zake hizo za familia ya NZ, 1.3 na 1.5, zinatumia mnyororo badala ya mkanda, kwa hiyo ukibadilisha oili kwa wakati wasiwasi unapungua. Na kwa wale wanaosema ni la akina dada: tafuta Vitz RS ya 1.5 yenye gia tano za mkono, uiendeshe, halafu tuongee tena. Ni adimu kidogo, lakini zipo.

Toyota IST. Ilitoka 2002 na imejengwa juu ya msingi uleule wa Vitz, na injini ni zilezile za NZ. Yaani ukinunua IST umenunua Vitz iliyovaa koti. Ni gari zuri, ina nafasi, iko juu kidogo kwa njia zetu za Changanyikeni na Msewe, na ukitaka kuiuza haikai wiki. Tatizo ni hilo hilo: kwa kuwa kila mtu anaitaka, bei imepanda kuliko thamani yake. Unalipia jina. Na zilizoko hapa mjini ni otomatiki, kwa hiyo raha ya gia za mkono uisahau. Kama pesa unayo mkononi, sawa, chukua. Kama unataka kukopa ili ufikie IST, rudi kwenye Vitz.

Toyota Passo, ya 2004 kuendelea. Ya cc 1000 ina silinda tatu, kwa hiyo ikiwa imesimama inatetemeka kidogo, usidhani ni mbovu. Kwa mafuta ni bingwa. Kwa raha, mmh, inakufikisha tu.

Honda Fit, Mazda Demio, Suzuki Swift. Hapa nakubali roho yangu inavutwa. Swift ya kuanzia 2004 inakata kona kuliko gari lolote dogo la Toyota nililowahi kukaa ndani yake. Demio iliyotoka 2007 ilikonda kwa kama kilo 100 ukilinganisha na ile ya kabla yake, na ikawa Gari la Mwaka la Dunia 2008. Fit ina nafasi ndani kama sanduku la miujiza. Lakini kwa mtu wa gari la kwanza, spea zake hazipatikani kila kona kama za Toyota, na Fit nyingi zina gia ya CVT inayotaka oili yake maalumu. Fundi akikuwekea oili ya kawaida ya otomatiki, usiseme sikukwambia. Kama una fundi anayezijua kweli, endelea. Kama fundi wako ni yule wa chini ya mwarobaini anayesema "magari yote ni yaleyale", baki Toyota.

Swali jingine ninaloulizwa ni kuagiza au kununua mkononi. Ukiagiza Japan unapata gari ambalo halijachoshwa na barabara zetu, lakini kodi inaweza kulingana na bei ya gari lenyewe au kuipita. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kuna VAT asilimia 18, kuna ushuru wa bidhaa unaotegemea ukubwa wa injini, na juu yake nyongeza ya uchakavu kwa gari lenye umri mkubwa. Kenya gari lililozidi miaka minane haliingii kabisa. Sisi linaingia, ila unalipia huo uzee. Tovuti ya TRA ina kikokotoo: unaingiza aina ya gari, mwaka na injini, inakupa kodi yote. Fanya hivyo kabla ya kutuma hata dola moja. Kwa bajeti ya mtu aliyeanza kazi jana, ukweli ni kwamba mara nyingi utaishia kununua mkononi.

Na mkononi Bongo kuna ugonjwa wa herufi. Watu wananunua namba ya gari badala ya gari. "Ni namba D", "hii ni namba E". Herufi inakwambia gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haikwambii lilitunzwaje. Kuna namba B ya mwalimu mstaafu aliyekuwa anaendesha kwenda kanisani tu, na kuna namba E iliyokamuliwa kwenye biashara ya kukodishwa usiku na mchana. Mimi nitachukua ya mwalimu.

Kabla ya kulipa, fanya haya. Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi, na mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Likiwashwa angalia moshi: wa bluu linakula oili, mweusi linachoma mafuta vibaya, mweupe usioisha huenda maji yanaingia kwenye injini. Fungua kifuniko cha oili, ukiona utando kama maziwa, aga kwa heshima uondoke. Linganisha namba ya chesesi kwenye gari na kwenye kadi. Kilometa za kwenye dashibodi usiziamini sana, zinachezewa. Angalia raba za pedali na usukani, hizo hazidanganyi. Angalia pia madeni, maana faini za trafiki na maegesho ya TARURA siku hizi vyote vinasomeka kwenye mfumo kwa namba ya gari. Hakikisha umiliki unahamishwa TRA, sio mkataba wa kalamu na mashahidi wawili basi.

Tairi zina tarehe. Ubavuni kuna tarakimu nne, kwa mfano 2319, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya zamani inaweza kuwa na kashata nzuri lakini mpira wake umekufa, ikipasuka kwenye mwendo hakuna udereva wa kukuokoa.

Na kuna jambo moja ambalo silisikii kabisa kwenye mabishano yetu ya hosteli: mifuko ya hewa ya Takata. Kampuni hii ya Japan ilitengeneza vifaa vya kupulizia mifuko ya hewa vilivyotumia kemikali ya amonia naitreti. Kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika, na siku ya ajali kifaa kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Watu wamekufa katika nchi kadhaa, mamilioni ya magari yakaitwa kurekebishwa, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Honda Fit, Corolla na hata Vitz za miaka fulani zimo kwenye orodha hizo. Joto na unyevu, jamani, si ndiyo Dar es Salaam yenyewe? Gari lililotoka Japan kabla ya kurekebishwa linatembea hapa na hakuna aliyeliita. Watengenezaji wana kurasa za kukagua kwa namba ya chesesi. Kagua. Ni dakika tano na ni bure.

Najua majibu mtakayonipa. La kwanza: "Gari dogo si salama, likigongwa na lori unakwisha." Ni kweli uzito una faida kwenye kugongana, siwezi kubishana na fizikia niliyoitumia mwenyewe hapo juu. Lakini kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Mtu mwenye gari dogo, tairi nzuri, breki nzima na mkanda, anayekwenda 80, namwamini kuliko mwenye gari kubwa la tairi za mtumba anayekwenda 140 kwa sababu linaweza.

La pili: "Kwa pesa hiyo nunua kiwanja." Hili ndilo jibu la wazee wote, na sina ugomvi nalo. Kama inabidi uchague kimoja, na una njia ya kufika kazini, nunua kiwanja. Ila kumbukeni gari dogo la taslimu linaacha nafasi ya kiwanja: ile 150,000 ya tofauti ya mafuta ukiiweka kila mwezi, siku moja utaitwa kwenye mkutano wa wenye viwanja huko Chanika au Kibaha. Gari la mkopo haliachi nafasi ya kitu chochote.

La tatu, ambalo hamlisemi kwa sauti: "Watanionaje?" Hili ndilo linalouza magari mengi kuliko mengine yote. Kijijini wanasubiri msomi arudi na gari, na gari likiwa dogo wanauliza lingine umeliacha wapi. Harusini wanapanga magari kwa ukubwa. Sawa. Lakini wote hao hakuna hata mmoja atakayekuchangia wese tarehe 20 ya mwezi. Wachache watakaokuchangia ni wale washkaji watatu mtakaokwenda nao Bagamoyo Jumapili. Kilometa kama 140 kwenda na kurudi, lita tisa na nusu hivi, elfu ishirini na nane. Gawanya kwa wanne, elfu saba kila mtu, mmekula samaki, mmecheka, mmerudi. Raha ya gari ni hiyo, na kwenye Vitz inatosha kabisa.

Bima ndogo ni laki moja na elfu kumi na nane kwa mwaka. Ile leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, ambayo ni sababu nyingine ya kutokuwa na gari linalokunywa: kila lita unayonunua, na kodi umelipa. Oili badilisha kila kilometa 5,000, upepo wa tairi kagua kila wiki mbili, na jifunze kupima ulaji wa mafuta mwenyewe: jaza tangi mpaka pomoni, andika kilometa, tembea, jaza tena mpaka pomoni, gawanya kilometa kwa lita ulizoongeza. Namba ikianza kushuka, gari linakwambia kitu kabla halijakulaza njiani.

Ushauri wangu kwa wanaomaliza mwaka huu: mshahara wa kwanza usiugeuze kuwa rejesho la mkopo. Kaa mwaka mmoja, panda daladala na mwendokasi kama ulivyopanda miaka mitatu yote, weka pesa, halafu nenda ukanunue gari dogo lako mwenyewe lisilo na mdai nyuma yake. Siku utakayolitaka kubwa, litakuwepo tu. Japan hawajaacha kutengeneza.

Naomba kuwasilisha. Wenye Crown mje kwa amani.